“Si Ukimbie Tu?” Hapana, Asante

Tangu niweke ile video ya sekunde arobaini nikiwa kwa mashine ya kupiga makasia, swali ni moja tu. Linakuja kwa meseji, linakuja kwa simu, hata shangazi yangu wa Turbo amelileta uso kwa uso: “Uko Eldoret. Si ukimbie tu?”

Sawa, tuongee. Ningejibu kwa video lakini hii inataka nafasi, na mnajua nikianza kuongea mbele ya kamera napotea njia.

Swali lenyewe si la kijinga. Barabara ni bure. Hewa yetu ni ya mita 2,100 hivi juu ya bahari, na kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya na Japani, wanalipa pesa nzuri, ili waje waivute. Kaptagat iko hapo. Iten iko hapo juu, mita 2,400. Simama kando ya barabara saa kumi na mbili asubuhi utapitwa na watu ambao wanajulikana Berlin na Tokyo kuliko wanavyojulikana kwa stage ya matatu. Oktoba 12, 2019, Kipchoge alipokimbia saa 1:59:40 kule Vienna, hapa mjini watu walijaa barabarani kuangalia skrini kama ni harusi ya ukoo. Hiyo ndiyo Eldoret. Na tangu Agosti 15, 2024 sisi ni jiji, kwa hivyo tuheshimiane.

Sasa katikati ya hiyo yote, mimi natoa elfu kumi na moja nanunua chuma, nakaa ndani ya nyumba Kapsoya, navuta mashua ambayo haipo. Mto wetu ni Sosiani. Ukitia beseni kwa huo mto linagonga mawe. Naelewa kabisa kwa nini inachekesha. Keateka wa ploti alipoona boda boda ikiingia getini na ile kitu imefungwa kwa mpira nyuma, aliniuliza, “Binti, nani amefanyiwa operesheni?” Alidhani ni kitanda cha hospitali.

Cheka, lakini ukimaliza kucheka niambie hivi: Eldoret ni nani anakimbia tu? Sisemi anafanya mazoezi ya mbio. Nasema anakimbia tu, jioni, polepole, tumbo likitikisika, bila saa, halafu anarudi nyumbani kupika sukuma. Mimi namjua mmoja, na ni daktari mgeni.

Hapa kukimbia si mazoezi. Kukimbia ni kazi. Mshindi wa Boston anapewa dola 150,000, na hapa hiyo haihesabiwi kama habari ya michezo. Hiyo ni habari ya mashamba, ng’ombe wa maziwa na nyumba za kupangisha. Tembea katikati ya jiji uulize jengo hili ni la nani, lile ni la nani, uone ni mara ngapi utaambiwa “ni la mwanariadha”. Sina shida na hiyo. Mbio zimesomesha watoto ambao hakuna bursari ingewafikia. Lakini kuna bei ambayo hatuisemi. Mahali ambapo mwili ni mtaji, mwili usiolipa unafungwa kama duka. Ukikimbia na hushindi, unaambiwa unapoteza wakati. Ukiwa mnene ukatokea barabarani, watoto wanakufuata wakiimba. Kwa hivyo mji unaofundisha dunia kukimbia umejaa watu wa miaka ishirini na mitano ambao hawajatoka jasho tangu somo la P.E. la darasa la nane.

Mimi nilikuwa njiani kuwa mmoja wao.

Makasia niliyajua chuoni. Jimu ya chuo ilikuwa na mashine moja ya makasia, ile ya hewa yenye gurudumu kubwa mbele na mnyororo, na hakuna mtu aliyekuwa anaigusa. Wavulana walikuwa kwa kioo na vyuma vyao, wasichana kwa mashine za kukimbilia. Hiyo ya kona ilikuwa inatundikwa sweta. Nilikaa siku moja kwa sababu ndiyo ilikuwa wazi, na baada ya wiki mbili nilikuwa siwezi kulala vizuri bila kuivuta. Kuna kitu kwa ule mdundo. Unasukuma, unarudi, unasukuma, unarudi, na yale mawazo ya ada yanakaa pembeni kidogo kama watu wanaosubiri kinyozi.

Halafu nikaacha chuo, mwaka wa pili. Hiyo hadithi mnaijua, iko kwa posti nyingine, na sijutii. Ninachotaka mwone ni hiki: siku kadi ya mwanafunzi inapokufa, hupotezi masomo peke yake. Unapoteza maktaba, zahanati, intaneti ya bure, na jimu. Hakuna anayekuambia. Unajikuta tu nje ya geti na mwili wako, na mtaani jimu ya maana inataka karibu elfu tatu kwa mwezi, ambayo kwangu wakati huo ilikuwa ni gesi na tokeni za stima. Miaka miwili nikaedit video nikiwa nimekaa kitandani, laptopu kwa mto, mgongo umejikunja kama herufi C. Kupanda ngazi za ghorofa ya tatu ilikuwa inanikatisha maneno.

Na kabla mniambie “si ungetoka jioni”: kazi yangu inaisha saa tatu usiku. Mimi ni msichana. Mnajua barabara zetu saa tatu usiku, na mnajua maneno ya pale stage hata saa kumi jioni. Tusidanganyane kwamba barabara ni bure kwa kila mtu.

Kwa hivyo mwaka huu nimerudi. Nilipata mashine iliyotumika, mwenyewe anahama kutoka Elgon View, alitaka elfu kumi na tano, tukaongea kiungwana mpaka kumi na moja. Wacha niwaeleze ni kitu gani hasa, kwa sababu wengi wameuliza na wauzaji wa mtandaoni wanaita kila kitu jina moja.

Mashine ya makasia ni moja kati ya nne. Kuna ya hewa, kama ile ya chuo: unavuta mnyororo, gurudumu lenye mapezi linazunguka, na kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo hewa inavyokukatalia. Hiyo ndiyo wanayotumia kwa mashindano, na mpya bei yake Marekani ni karibu dola 1,000 kabla hujalipa meli na ushuru. Ukifika hapa ni zaidi ya laki moja, sahau. Kuna ya maji, ina tangi na pangaboi ndani, sauti yake tamu sana, nayo pia sahau. Kuna ya sumaku, ambayo haina kelele, na ukitafuta iliyotumika unaweza kubahatika. Halafu kuna yangu: mitungi miwili ya mafuta, mmoja kila upande, imeshikana na mikono miwili. Ndogo, nyepesi, inaingia chini ya kitanda. Ndiyo maskini ya ukoo.

Ina kasoro, siwezi kuwaficha. Ndani ya ile mitungi mafuta yanasukumwa kupita kwa tundu dogo, na ndiyo ugumu unaousikia. Ukivuta muda mrefu mafuta yanapata joto, yanakuwa mepesi, na mashine inalegea. Dakika ya kwanza unavuta ng’ombe, dakika ya kumi na nane unavuta mbuzi. Kiskrini chake kinahesabu mivuto sawasawa, lakini ile namba ya kalori ni hadithi, msiiamini. Na huwezi kulinganisha muda wako na wa mtu mwingine yeyote duniani, kwa sababu mita zake hazina maana. Rekodi ya dunia ya wanaume ya mita 2,000 kwa ile mashine ya hewa iliyowekwa 2018 na Josh Dunkley-Smith wa Australia ni dakika 5 na sekunde 35.8. Kwa mashine yangu ningeweza kujiandikia dakika nne na hakuna mahakama ingenihukumu.

Kwa hivyo kama unataka kununua ya aina hii iliyotumika, usilipe mpaka uivute dakika kumi nzima mbele ya mwenyewe. Akikuambia “jaribu tu mara mbili tatu”, ondoka. Joto ndilo linalosema ukweli. Pangusa ile mitungi kwa tishu nyeupe: ukiona mafuta, inavuja. Kaa uusukume mwili nyuma hadi miguu inyooke, uone kama reli inakutosha, kwa sababu nyingi zimetengenezewa watu wafupi na sisi wengine Mungu alikunjua miguu. Tikisa kiti. Magurudumu ya kiti yakiwa yamelika utasikia kama unaendesha mkokoteni kwa kokoto. Ukiifikisha nyumbani itandikie blanketi kuukuu chini, jirani wa chini naye ni binadamu.

Namna ya kuvuta ni rahisi kueleza na ngumu kufuata. Miguu kwanza. Halafu mgongo unaegemea nyuma kidogo. Halafu mikono. Ukirudi, geuza: mikono, mgongo, magoti. Watu wakiona mikono wanadhani ni mashine ya mikono, lakini nguvu nyingi inatoka kwa mapaja. Usikimbilie haraka. Mivuto 20 kwa dakika inatosha kabisa, na ukivuta kila mmoja kwa ukweli utajua haujui. Faida ni kwamba nyayo haziachi kile kibao, kwa hivyo magoti hayapigwi na lami. Hasara ni kiuno: wapiga makasia wenyewe wanaumia zaidi mgongo wa chini, na wewe unayeshinda umekaa kama mimi, anza na dakika tano, usijifanye.

Kuna kitu kimoja kinanifurahisha sana kuhusu hii mashine maskini. Ile ya hewa ina kishikio cha namba 1 mpaka 10 kinachofungulia hewa iingie. Hapa kwetu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Maana yake, ukiweka 5 Eldoret na mwenzako aweke 5 Nyali, gurudumu lake linashikwa na hewa zaidi kuliko lako. Mashine ya hewa inajua iko mlimani. Yangu haijui. Mafuta ndani ya mtungi ni yale yale kutoka Nyali mpaka Iten. Anayejua tuko Eldoret ni mapafu yangu peke yake, na yanalalamika vizuri.

Sasa nirudi kwa yule wa boda boda, kwa sababu yeye ndiye hasa amenifanya niandike.

Aliyenibebea mashine kutoka Elgon View ni rafiki yangu, tumejuana tangu utotoni. Ana miaka ishirini na sita. Alikaa kambi karibu na Iten miaka mitatu, mita 10,000. Hakuwa mchezo. Lakini kule, mtu ambaye angekuwa bingwa wa taifa kwingine anaamka anajipata ni wa arobaini kwa mazoezi ya Jumanne. Alisubiri meneja, meneja hakuja. Kisha kano ya kisigino ikamshika, akapumzika, ikarudi, akapumzika tena, na kambi haiwezi kulisha mtu anayepumzika. Akarudi mjini, akachukua pikipiki kwa mkopo. Hiyo ni miaka minne sasa. Kisigino kilishapona zamani.

Tangu siku aliyotoka kambini hajakimbia hata mita mia moja. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, “Nikionekana na viatu barabarani, watu wataniuliza mashindano ni lini.”

Rudia hiyo sentensi polepole. Mtu anaweza kukimbia kilomita kumi kwa muda ambao Mzungu wa kawaida angeuandika kwa kaburi lake, na hawezi kutoka nje jioni kukimbia kwa sababu mji mzima utamuuliza inaleta nini. Viatu vyake viko chini ya kitanda kwa mamake. Mwili uliokuwa unapewa uji saa kumi na moja asubuhi sasa umekaa kwa pikipiki saa kumi na mbili kila siku, na shuka la soda na mandazi. Ameongeza kilo, anazificha kwa jaketi. Akiwaona wenzake kwa runinga anabadilisha chaneli.

Siku ile tulipoiweka mashine ndani alisema wacha ajaribu kama haijavunjika njiani. Akavuta. Nikamwonyesha mpangilio wa miguu na mikono, akaushika kwa dakika moja hivi, hawa watu miili yao inasikia haraka. Akavuta dakika kumi na mbili, bila kuongea, mpaka mitungi ikawa moto ukiigusa. Aliposhuka alikuwa analowa. Akakaa sakafuni akisema, “Hii hakuna mtu ananijua.”

Sasa anakuja Jumanne na Alhamisi jioni kabla ya kurudi stage. Mlango unakaa wazi, majirani wapumzike, hakuna posho hapa. Hatushindani, na hata tukitaka hatuwezi, maana nimewaambia mita za hii kitu ni uongo. Nadhani ndiyo sababu inamfaa. Ni mchezo ambao hajawahi kushindwa, kwa sababu hakuna mtu hapa Uasin Gishu anajua kushinda ni nini.

Kwa hivyo mkiniambia “si ukimbie tu”, mimi nasikia kitu kingine. Nasikia kwamba mazoezi hapa yana aina moja na yana wenyewe. Serikali ikisema “talanta” inamaanisha medali. Shule ikisema michezo inamaanisha timu ya kwanza, wengine mfagie uwanja. Hata sisi wa kontenti ni vilevile: tunapiga picha mwanariadha akishinda, na tukimaliza tunaenda kupiga picha za tumbo kabla na baada. Mnaniuliza nimepunguza kilo ngapi. Sitasema. Si kwa sababu naficha, ni kwa sababu nikianza kuweka hiyo namba nitakuwa nimeigeuza hii nayo kuwa kazi, yenye mshahara na mkubwa wake, na mkubwa ni nyinyi. Nawapenda, lakini hapana. Nitawaambia ngazi za ghorofa ya tatu sasa nazipanda nikiongea na simu. Hiyo mtashiba nayo.

Shirika la Afya Duniani kwa mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 mpaka 150 ya nguvu. Hakuna mahali limeandika barabarani. Hakuna mahali limeandika Iten. Mimi navuta dakika ishirini mara tano kwa wiki, hizo ni mia moja za nguvu, na nimeshahitimu kitu kimoja angalau.

Na msiniambie makasia si mchezo wa Kenya. Kule Dunga, Kisumu, watu wanapiga kasia kila alfajiri, na hakuna anayewaita wanamichezo kwa sababu wanavua samaki. Mombasa kuna Asiya Sururu. Alikanyagwa na treni akiwa na miaka miwili, akapoteza miguu yote miwili na vidole kadhaa. Aliiwakilisha Kenya kwa makasia kwenye Paralimpiki ya Tokyo, ile ya 2020 iliyofanyika 2021. Kundi analoshindania ni la wanaovuta kwa mabega na mikono, wamefungwa kwa kiti kisichosogea, mita 2,000 zile zile. Mimi nimewaambia hapo juu nguvu nyingi inatoka kwa mapaja. Fikiria sasa mtu anayekwenda umbali wote bila hayo mapaja. Na uulize watu kumi hapa Eldoret, jiji la michezo, kama wanamjua. Mimi niliuliza kwa stage. Mmoja alisema ni mwimbaji wa taarab.

Simlaumu. Hatufundishwi kumjua mtu mpaka alete dhahabu.

Kuna wengine wamesema elfu kumi na moja ni pesa nyingi kwa kijana asiye na kazi ya ofisi, na hapo mko sawa. Ni nyingi. Nilihesabu hivi: jimu ya elfu tatu kwa mwezi, hiyo ni chini ya miezi minne. Lakini kuna mtu hana hata hiyo ya mwezi mmoja, na mimi sitaki kuwa yule anayesema “jipende” kwa mtu ambaye hajalipa nyumba. Kwa hivyo nimekuwa nikitafuta njia nyingine, na nimepata kitu ambacho kimenikalia kichwani wiki mbili.

Ile mashine ya hewa ya laki moja na zaidi, mnajua ilianzaje? Ndugu wawili wa Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, walikuwa wapiga makasia, wakatengeneza makasia tangu 1976 kule Vermont. Kule majira ya baridi maji yanaganda, huwezi kutia mashua. Wakachukua baiskeli, wakaipigilia misumari kwa sakafu ya ghala la shambani, wakakaa kwa kiti kinachoteleza, wakavuta ncha ya mnyororo ili gurudumu lizunguke. Ile waliyoanza kuuza 1981 bado ilikuwa na gurudumu la baiskeli.

Baiskeli. Mnyororo. Kiti kinachoteleza. Sakafu.

Niambie ni kitu gani hapo ambacho hakiko kwa mafundi wetu wa jua kali. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya zamani liko kila mtaa. Vibao vya plastiki vya kufunga kwa spoki vishike hewa, kata debe la mafuta ya kupikia. Reli ni bomba la mraba, kiti kinateleza kwa beringi nne, mnyororo unarudishwa kwa mpira ule ule unaofunga mizigo kwa boda boda. Frihwili inafanya gurudumu liendelee kuzunguka unaporudi mbele, kazi hiyo inafanya tangu zamani. Kiskrini hatuna, na tumeshakubaliana hatukihitaji.

Nimeongea na fundi mmoja wa kuchomelea hapa karibu, mzee anatengeneza mageti. Nilimchorea kwa nyuma ya karatasi ya delivari. Akaangalia, akageuza karatasi, akaniuliza, “Sasa mwanangu, hii ikizunguka inasaga nini?” Nikamwambia haisagi kitu. Akafikiria kidogo. Akasema tukileta gurudumu na mnyororo, chuma atatafuta, lakini kile kiti lazima nije nikikalie mwenyewe kabla hajachomelea, asije akalaumiwa.

Rafiki yangu wa boda boda ana baiskeli ya kambini kwa mamake, rimu ya nyuma bado imenyooka. Amesema tuichukue. Imekaa pamoja na vile viatu. Jumamosi hii tunaenda Burnt Forest kuileta, na kama kuna mtu yeyote kati yenu ako na mnyororo mrefu ambao hautumii, au beringi za ukubwa mmoja nne, nitumie meseji kabla ya Ijumaa.